Shimo Lisilo na Ngazi

Anayetaka kuiona filamu hii bila kujua mwisho wake aishie hapa hapa. Mimi nitaimwaga yote.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 2020, siku zile skuli zimefungwa kwa sababu ya korona na kila nyumba inanukia ndimu na vitakasa mikono. Rafiki yangu wa Kikwajuni aliniletea kwenye fleshi akaniambia, "Itizame, lakini usile kabla." Nikala kabla. Nikajuta.

Ni filamu ya Kihispania, El Hoyo, yaani Shimo. Wengi wanaijua kwa jina la The Platform. Aliyeiongoza ni Galder Gaztelu-Urrutia, mtu wa Bilbao. Ilioneshwa kwanza Toronto Septemba 2019, ikaingia Netflix Machi 2020, wakati dunia nzima imejifungia ndani. Filamu ya watu waliofungiwa, kwa watazamaji waliofungiwa. Mtengenezaji gani wa sinema asingeitaka bahati kama hiyo!

Habari yenyewe ni hii. Kuna gereza la zege lililosimama wima, chumba juu ya chumba, kila chumba watu wawili, na katikati ya sakafu kuna tundu kubwa la mraba. Mara moja kwa siku meza iliyojaa chakula hushuka kutoka juu kabisa, chakula kilichopikwa na wapishi wanaojua kazi yao. Wa chumba cha kwanza wanakula wanachotaka. Meza inashuka kwa wa pili, wanakula mabaki. Inashuka kwa wa tatu, wanakula mabaki ya mabaki. Ukificha hata tufaha moja, chumba kinawaka moto au kinaganda baridi mpaka ulirudishe au ufe. Kila mwezi watu hulazwa kwa dawa na kuamka kwenye chumba kingine, huenda cha juu, huenda cha chini, hujui. Waswahili tumeshayasema haya kwa maneno matano: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Filamu inaongeza jambo moja la kutisha, kwamba mwenye shibe wa mwezi huu ndiye mwenye njaa wa mwezi uliopita, na bado hamjui.

Goreng, ndiye mhusika wetu, ameingia kwa hiari yake, miezi sita, apate cheti. Kila mtu anaruhusiwa kuingia na kitu kimoja. Yeye kachukua kitabu, Don Quixote. Mwenzake wa chumba cha 48, mzee anayeitwa Trimagasi, kachukua kisu. Ukishaliona hilo tu umeshajua mambo yataishia wapi, na kweli, mwezi wa pili wanaamka chumba cha 171, na Goreng anafumbua macho amefungwa kamba kitandani.

(Majina yao yalinichekesha peke yangu. Goreng kwa Kiindonesia ni kukaanga. Trimagasi limekaa kama asante ya hukohuko. Na mwenzake wa mwisho anaitwa Baharat, ambalo kwa Kiarabu ni viungo, bizari. Mtu aliyekulia kisiwa cha karafuu akisikia jina hilo pua inawasha. Majina ya jikoni kwenye filamu ya njaa.)

Trimagasi ndiye aliyenikaa kichwani. Si mtu wa hasira. Ana adabu zake, anaongea polepole, na kila akiulizwa jambo hujibu neno moja: "obvio", yaani si wazi hilo? Wa chini watakula nini? Mabaki yetu, si wazi? Yakiisha je? Ah, si wazi? Anamfunga mwenzake kamba ili aje amkate nyama vipande vidogo vidogo, na anamweleza kwa utaratibu, kama fundi anayekueleza kwa nini mlango wako lazima ung'olewe. Sinema nyingi za kutisha zinatuonesha mtu akigeuka mnyama. Hii inatuonesha mtu akibaki mtu, tena mzungumzaji mzuri, na kisu mkononi.

Sasa turudi kwetu kidogo, kwenye sinia.

Chuoni, chuo cha Kurani, tulifundishwa mambo matatu kabla ya kufundishwa alifu: sema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Mwalimu wetu hakuwa na maelezo marefu. Alikuwa na bakora ya mpera. Kwenye maulidi au khitma mnakaa wanne au watano mnalizunguka sinia la pilau, nyama imewekwa katikati, na kila mmoja anachimba upande wake. Baada ya muda inabaki kama nguzo ya wali katikati, nyama juu yake, na hakuna anayeigusa mpaka mkubwa wa sinia aimege na kuisukuma kipande kipande upande wa kila mtu. Mtoto akivusha mkono anapigwa kofi la vidole, na hakuna anayegeuka kutazama. Sikumbuki hata mara moja sinia lililomwacha mtu na njaa, na masinia mengine yalikuwa hayana wali wa maana.

Hesabu ya Shimo ni hiyohiyo. Kabla ya kuingia kila mtu huulizwa chakula akipendacho, na kinapikwa. Goreng alitaja konokono (msinitazame mimi, ndivyo alivyosema). Bibi mmoja, Imoguiri, aliyefanya kazi miaka 25 kwenye ofisi ya gereza kabla ya kuingia mwenyewe, anaamini kwamba kila mtu akila kinachomtosha tu, chakula kitafika mpaka chini. Kila siku anawapangia sahani mbili wa chumba cha chini yake na kuwabembeleza wale hizo tu, wawapangie na wenzao. Wanamtukana. Goreng anawaambia wasipotii atakinyea chakula, wanatii siku hiyo hiyo. Lakini anapoulizwa kuhusu wa juu hana jibu, maana mavi hayapandi.

Niliposikia hivyo nilisimamisha filamu. Nilikuwa nimeikumbuka Michenzani.

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja. Siyo kule kukatika kwetu kwa kawaida, kwamba unaguna, unatafuta kiberiti, na kabla hujakipata umerudi. Waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, uliolazwa mwaka 1980, uliharibika upande wa Fumba, na kisiwa kizima kikazimika. Umeme ulirudi tarehe 9 Machi 2010. Mwaka uliotangulia, 2008, tulikuwa tumeshaonjeshwa mwezi mzima wa kiza, Mei mpaka Juni, tukadhani ndiyo mwisho wa dunia. Kumbe ilikuwa mazoezi. Wapemba walitucheka sana, maana wao walikuwa na majenereta yao na waya wetu haukuwahusu. Ilikuwa zamu yao, wacha wacheke.

Na ulikuwa msimu wa kaskazi. Asiyewahi kulala kaskazi Unguja bila pangaboi nisimpe hadithi. Lakini joto mtu hulizoea, kiza nacho hukizoea. Koroboi na taa za chemni zilirudi kama hazijawahi kuondoka. Kisichozoeleka ni maji. Mji ule unapata maji kwa pampu, na pampu ni umeme.

Sisi tulikaa ghorofa ya pili katika yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa zama za Mzee Karume kwa ramani za Wajerumani Mashariki, yaliyolala kando ya barabara kama treni lililochoka. Kwetu Shimo lilikuwa limepinduliwa. Wa chini ndiye aliyekuwa na neema, kwa sababu maji hayapendi kupanda. Kadiri unavyokaa juu ndivyo mfereji wako unavyokohoa upepo, na ndivyo madumu yako yanavyokuwa mazito. Ghorofa ya nne alikaa bibi mmoja na mjukuu wake mdogo. Magoti yake yalikuwa yameshamwambia kwaheri. Alishuka Ijumaa kwa Ijumaa, tena kwa kushikwa.

Nyuma ya jumba, ng'ambo ya njia, palikuwa na mtu mwenye kisima na pampu. Baada ya Alasiri aliwasha jenereta dogo kwa petroli ya kuchangishana, na maji yalitoka mpaka petroli iishe, ndiyo iliyokuwa saa yetu. Madumu mawili kila nyumba.

Foleni haikuwa ya watu, ilikuwa ya madumu. Madumu ya njano ya lita 20, yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yamejipanga mstari mmoja tangu alfajiri, na kila moja lina alama yake. Jingine limefungwa utambaa kwenye mkono, jingine limepakwa rangi ya kucha, jingine limechomwa kwa msumari wa moto herufi ya mwenyewe, jingine kizibo chake ni mfuko wa nailoni uliosokotwa. La yule bibi lilikuwa na utambaa wa kijani, kipande cha kanga. Wiki za mwanzo uliweza kuliweka dumu lako, ukaenda skuli, ukarudi, ukalikuta palepale nyuma ya lilelile. Nakwambia, hata mtoto mwenye kuchokoza hakuthubutu kulisogeza la mtu. Mstari wa plastiki tupu, hauna mlinzi, unaheshimiwa kama safu ya msikitini.

Halafu wiki zikasogea. Mwezi wa pili madumu yakaanza kutembea. Hayatembei mbali, hatua moja, mbili. Unakuta ulikuwa wa tisa umekuwa wa kumi na moja. Watu wakaanza kuketi na madumu yao. Kisha wakaanza kuyafunga pamoja kwa kamba, jirani na jirani, na ukiona jirani na jirani wamefunga madumu yao pamoja ujue wamejihami na jirani wa tatu. Mwenye tangi mlangoni akatia kufuli kwenye kifuniko. Hakuna aliyepigana. Salamu ziliendelea, shikamoo, marahaba, umeamkaje. Nadhani hiyo ndiyo sehemu filamu imeipata sawasawa kuliko zote, kwamba maneno mazuri ndiyo hubaki mpaka mwisho.

Siku moja ya Februari nilirudi skuli nikamkuta mwenye kisima anatikisa kopo la petroli sikioni, kama mtu anayesikiliza nazi. Aliangalia mstari akasema yatatoka kidogo tu. Dumu letu lilikuwa nyuma ya lile la utambaa wa kijani. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililisogeza. Nililinyanyua la bibi kwa mkono mmoja, jepesi, tupu, nikaliweka nyuma, nikasukuma letu mbele kwa mguu. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Letu likajaa, na jenereta likakohoa, likazima.

Moyoni sikusikia kitu. Hilo ndilo ninalotaka mtu aniamini. Nilikuwa na hoja tayari, imepangika: wao wawili, sisi saba. Hata mjukuu wake mdogo, anakunywa kiasi gani? Si wazi? Nilipokuwa napanda na dumu begani, sauti ilishuka kwenye ngazi kutoka juu: "Mwanangu, maji yametoka?" Nikajibu, "Yamekatika, bibi." Na sikusema uongo, yalikuwa yamekatika kweli.

Miaka kumi baadaye, nimeketi mbele ya laptopu, mzee wa Kihispania ananiambia obvio, na mimi nikaijua sauti hiyo.

Jioni ile mama alishuka akaliona dumu la kijani limekaa peke yake, tupu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpandishia bibi, kila siku. Alilileta juu, akaliweka karibu na letu sakafuni. Hakuniuliza kitu. Akachukua kopo, akaanza kupima: kopo huku, kopo kule, kopo huku, kopo kule, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, mpaka yakalingana. Nikasema, mama, sisi tuko wengi. Akasema, "Kesho nitapishana naye ngazini. Uso wangu nitauweka wapi?" Akalitwika lile la kijani akapanda nalo. Usiku ule tulitawadha kwa kopo moja wawili wawili, na wali ukapikwa kwa maji ya madafu, jambo ambalo simshauri mtu.

Mama si walii. Ana ulimi mkali na alikuwa na ugomvi wake na yule bibi, wa siku nyingi, wa nguo zilizodondoka kutoka kambani. Hakusema tumhurumie, hakusema thawabu. Alisema ngazi.

Nilipoitizama filamu mara ya pili nilikuwa nazitafuta. Hamna. Jengo zima lile, mamia ya vyumba, halina ngazi hata moja. Kinachopita katikati ni meza, na meza inateremka na vyakula, haimpandishi mtu kwa jirani yake. Unamwona wa chini yako kupitia tundu, unaweza hata kumtemea mate, na kuna wanaofanya hivyo, lakini hutapishana naye kesho asubuhi ukiwa na uso uleule. Na hata mkizoeana, mwezi ukiisha mnachanganywa kama karata. Mtu anaweza kusema mtengenezaji anatuonesha tabia ya binadamu. Mimi naona ametuonesha tabia ya binadamu aliyeondolewa jirani, ambayo ni kitu kingine, ingawa huenda ndicho kitu tunachoelekea.

Kuna mtu mmoja tu aliyeingia Shimoni na ngazi. Baharat. Kitu alichochagua ni kamba. Yuko chumba cha sita, juu sana, amebakiza vyumba vitano, anairusha kamba kwa majirani wa juu na kuwaomba kwa jina la Mungu waishike apande. Wanakubali. Wanamwacha apande mpaka uso wake umefika ukingoni, kisha mwanamke wa juu anamnyea usoni. Watu wengi wameniambia sehemu ngumu kwao ni ile ya kula nyama ya mtu. Kwangu ni hii. Pale hapana njaa hata kidogo. Wale wa tano wameshiba.

Na hapa lazima niguse neno ambalo sisi Wazanzibari tunalitumia kama chumvi. Ustaarabu. Mtu akikaa vizuri, mstaarabu. Akipanga foleni, mstaarabu. Neno limetoka kwa Waarabu, asili yake ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu, na kabla halijatamalaki wazee walisema uungwana. Nalo uungwana, ukiligeuza upande wa pili, ni kutokuwa mtumwa. Kutoka Michenzani mpaka Mkunazini ni mwendo wa miguu tu. Pale, mpaka Juni 1873 Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, watu walikuwa wakinadiwa mnadani. Sasa pana kanisa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Na karibu na soko lile walikaa watu wenye adabu kubwa, wanaokunywa kahawa kwa vikombe vidogo, wanaomkaribisha mgeni mpaka aone haya, wanaokula kilicho mbele yao. Sinia lilikuwepo. Lakini kwenye sinia hukai na kila mtu.

Ndiyo maana siwezi kumcheka Mhispania kwamba sisi tunalo jibu la bakora ya mpera. Kanuni ya sinia ni tamu kwa aliyekaribishwa kwenye mkeka.

Kuhusu robo ya mwisho ya filamu sina mengi. Goreng na Baharat wanapanda juu ya meza na vyuma mkononi, wanashuka nayo wakigawa chakula kwa nguvu, mpaka mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anawaambia washawishi kwanza, wapige baadaye, na wafikishe sahani moja isiyoguswa juu kabisa iwe ujumbe. Wanaua watu wengi kwa ajili ya kitindamlo kimoja cha maziwa. Chumba cha mwisho, cha 333, wanamkuta mtoto wa kike, msafi, ana afya, wakati hakuna mlo uliowahi kufika kule. Wengine wanasema mtoto ni ndoto ya Goreng. Mimi naona mtunzi alifika mwisho wa shimo akakosa njia ya kutoka, akamtafuta mtoto, kwa sababu mbele ya mtoto hakuna mtazamaji anayethubutu kuuliza maswali. Damu nayo ni nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini dakika arubaini za mwanzo, za watu wawili na tundu, ni kazi ya bwana.

Umeme uliporudi ile Machi, Michenzani yote ilipiga kelele kwa pamoja, jumba hadi jumba, kama goli la fainali. Mapangaboi yakazunguka. Mifereji ikakohoa, ikatema kutu, ikatoa maji. Watu walikaa ngazini mpaka saa tano usiku, wanacheka bila sababu. Baada ya wiki ngazi zilikuwa tupu, milango imefungwa, kila mtu na televisheni yake. Dumu la utambaa wa kijani sikuliona tena.

Yule bibi alifariki miaka michache iliyopita. Sikuwahi kumwambia. Kila nikitaka, naona ni jambo dogo mno la kumpandia mtu ghorofa ya nne, kisha naona ni kubwa mno. Khitma ilisomwa chini, uwanjani baina ya majumba, mikeka imetandikwa. Nilichelewa kidogo, nikatafuta nafasi, nikaitwa kwenye sinia lililobakisha mtu mmoja. Mkubwa wa sinia lile alikuwa mjukuu wake, sasa kijana mwenye ndevu, macho mekundu. Tulikula kimya, kila mtu upande wake, mpaka ikabaki ile nguzo ya katikati. Aliimega nyama. Kipande cha kwanza, kikubwa, alikisukuma mbele yangu.

Nikala.